Shilingi Mia Nane

Bajeti yangu ya kamari ni shilingi 800 kwa mwezi. Mwezi mzuri haipandi. Mwezi ambao kodi ya nyumba haijalipwa, bajeti ni sifuri na sitoki nyumbani. Vinginevyo nazitoa M-Pesa Jumamosi moja jioni, noti nne za mia mbili, nazitia mfuko mmoja, nauli ya kwenda na kurudi naitia mfuko mwingine. Simu kubwa naiacha chumbani. Nabeba kale kakabambe kangu kenye laini isiyo na M-Pesa, nisije nikaonekana nimepotea. Kisha napanda tuktuk kutoka Ukunda, nashuka Diani Beach Road, naingia kwenye ukumbi wa mashine ambao sitautaja jina, nazipeleka zile 800 zikafe.

Nasema zikafe manake ndivyo ninavyozihesabu. Zikitoka mfukoni zimeshakwenda, kama mtu aliyekata tiketi ya sinema. Hakuna anayetoka sinema akadai pesa yake kwa vile filamu imeisha.

Nina daftari. Kwa miezi 14 niliyocheza nimepeleka shilingi 11,200 na nimerudi na 8,150. Hiyo ni hasara ya 3,050, kama 218 kwa mwezi. Inaonekana raha rahisi, sivyo? Lakini ndani ya hizo 8,150 kuna 6,400 zilizotoka usiku mmoja tu. Ukiutoa huo usiku, zilizobaki ni hadithi ya mtu anayerudi nyumbani na chenji. Mara saba nimerudi bila hata shilingi ya mashine, nauli tu. Kwa hivyo kama umekuja hapa kutafuta mbinu ya kushinda, rudi salama. Sina, na hakuna aliye nayo.

Nilizijua mashine hizi kabla sijawahi kuigusa hata moja, na hapo pana kisa.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Nilikuwa nasomea takwimu. Karo ilitushinda, jina langu likakosekana kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani, nikafunga sanduku nikarudi Ukunda. Nikaanza kuandika kwenye intaneti, kama vijana wengi wa nchi hii: mara insha za watu, mara maelezo ya viatu, mara makala ya jinsi ya kuosha zulia. Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa kampuni moja ya Ulaya yenye tovuti za kukagua michezo ya kasino. Malipo yalikuwa senti mbili za dola kwa neno. Maneno 1,500 ni dola 30, kama shilingi 3,900. Kwa mtu anayekaa chumba kimoja Mvindeni, hiyo si pesa ya kukataa.

Basi nikakaa kwenye kiti cha plastiki, kuku wa jirani wanapita chini ya meza, nikiwaeleza watu nisiowajua, katika nchi nisizozifika, jinsi mashine za kamari zinavyofanya kazi. Nilisoma sana. Ile takwimu niliyoiacha nusu ndiyo iliyonipa kibarua.

Hebu nikueleze nilichojifunza, kwa ufupi.

Mashine ya kwanza iliyopata umaarufu ilitengenezwa San Francisco mwishoni mwa karne ya 19 na fundi mhamiaji kutoka Ujerumani, Charles Fey. Aliiita Liberty Bell. Ilikuwa na magurudumu matatu ya chuma yenye picha, na mkono wa kuvuta pembeni. Hapo ulikuwa unashindana na chuma cha kweli: ukiona gurudumu lina picha kumi, kila picha ina nafasi moja katika kumi.

Mambo yalibadilika mwaka 1984, Inge Telnaes alipopewa hataza Marekani ya njia ya kutumia kompyuta kuchagua matokeo. Tangu hapo, kwenye mashine za namna hiyo, ukibonyeza kitufe namba imeshachaguliwa. Magurudumu yanayozunguka ni maonyesho tu. Yanakuja kukutangazia jambo lililokwisha amuliwa. Na kompyuta inaweza kuipa picha ya bei ghali nafasi chache mno ndani, ilhali machoni mwako inapita mara kwa mara. Ndiyo maana utaona kengele mbili zimesimama na ya tatu imeteleza juu ya mstari kidogo tu, ukapiga paja: "Aah, ilibaki kidogo!" Haikubaki kidogo. Haikuwa karibu hata chembe. Namba iliyotoka ni ya kukosa, na kukosa kwa kengele mbili ni sawa na kukosa kwa matunda yaliyochanganyikana.

Jambo la pili ni kiwango cha marejesho. Tuseme mashine imepangwa irudishe shilingi 92 kwa kila 100 zinazochezwa, kwa muda mrefu sana. Wengi wakisikia hivyo hudhani kwamba wakienda na 100 watarudi na 92. Wapi! Hesabu inafanywa kwa kila mzunguko, na pesa ileile inazungushwa tena na tena. Ukicheza shilingi 10 kwa mzunguko, mizunguko 500 kwa saa, umezungusha 5,000. Asilimia nane ya hizo ni 400. Hiyo ndiyo bei ya saa moja, kwa wastani. Ukipunguza mwendo ukacheza mizunguko 250, bei ya saa inashuka hadi 200. Mashine haijabadilika, wewe ndiye umepunguza kasi. Na wastani ni wastani tu. Usiku mmoja unaweza kumaliza 800 kwa dakika ishirini, mashine isikuombe radhi.

La tatu ndilo linalonichekesha mpaka leo. Unaweka shilingi 20 kwa mistari mingi, mashine inakurudishia 8, halafu inapiga muziki, taa zinawaka, sarafu za picha zinamwagika kwenye kioo. Umepoteza shilingi 12 na umepigiwa vigelegele.

Mwanaanthropolojia Natasha Dow Schüll alifanya utafiti miaka mingi Las Vegas, akaandika kitabu kilichotoka 2012, *Addiction by Design*. Anaonyesha kwamba wachezaji waliozama kabisa hawachezi ili washinde. Wanacheza ili wabaki pale, kwenye ile hali ambapo saa, njaa, deni na watu vyote vimenyamaza. Ushindi mkubwa wakati mwingine huwaudhi, maana unawakatiza. Niliposoma hilo niliweka kompyuta chini. Najua ile hali. Niliwahi kuipata nikihesabu uwezekano usiku wa manane hosteli, na huipata nikiandika vizuri. Nilitaka kuona mashine ikinipa.

Ndivyo nilivyoanza kwenda. Sikusukumwa na shida wala tamaa ya gari. Nilikuwa nimeandika kama makala thelathini kuhusu kitu, nikataka kukiona.

Kanuni zangu ni chache, na zote zinafanya kazi kabla sijafika mlangoni. Pesa taslimu tu, kwa sababu noti ina mwisho na simu haina. Dau dogo kuliko yote ambayo mashine inakubali. Nabonyeza mwenyewe, sitii mashine ijizungushe, na baada ya kila mizunguko hamsini nasimama nikanywe maji. Nikifikisha mara mbili ya nilizokuja nazo, naondoka. Sinywi pombe humo. Sikopi, sikopeshi. Watu husema nidhamu ni moyo wa chuma. Mimi sina moyo wa chuma. Nina simu iliyoachwa nyumbani. Saa tatu usiku, mbele ya taa zile, sina tofauti na mtu yeyote. Aliye na akili ni yule mimi wa saa kumi na moja jioni, akihesabu noti kitandani, na ninahakikisha kwamba yeye ndiye anayeamua.

Mara ya kwanza mlinzi aliniuliza, "Umekuja na nani, dada?" Nikamwambia nimekuja na miguu yangu. Alinitazama juu mpaka chini. Diani, msichana mweusi akiingia peke yake mahali pa watalii usiku, kuna jibu moja linalotarajiwa, na mimi sikuwa nalo. Siku hizi ananisalimia. Ananiita "mwalimu" kwa sababu ya daftari.

Ndani kuna baridi ya kiyoyozi na zulia linalomeza hatua. Msimu wa watalii, Desemba hivi, unakuta wazee wa Kijerumani na Kiitaliano wenye miguu iliyoungua jua, wafanyabiashara kutoka Mombasa waliovuka feri ya Likoni kuja kupumzika, na vijana wa Nairobi wa wikendi wanaopiga picha kuliko wanavyocheza. Masika yakiingia, Aprili na Mei, hoteli nyingine zinafunga kabisa kwa ukarabati na ukumbi unabaki na watu watano. Hapo ndipo napapenda zaidi. Nje mvua, ndani magurudumu. Kwa saa mbili hakuna mteja anayeniuliza makala iko wapi. Hiyo ndiyo raha ninayoinunua, na sioni haya kuisema.

Sasa kuhusu zile 6,400.

Zilitoka mwezi wa tisa wa daftari langu, kwa dau la shilingi 10. Nilisimama, nikaenda kwa keshia, nikachukua, nikatoka. Hadi hapo kila kanuni ilifanya kazi. Shida ilianza asubuhi.

Mama anauza mahamri na mbaazi za nazi barabarani, anaamka saa kumi alfajiri. Sisi ni Waislamu, na kwenye Sura Al-Maidah, aya ya 90, kamari imetajwa pumzi moja na ulevi. Mama anajua kwamba nacheza. Nilimwambia mwenyewe, na kiasi nikamtajia. Alinyamaza muda mrefu kisha akasema, "Mwanangu, umekuwa mtu mzima, utajibu mwenyewe. Lakini hela hiyo usiilete kwenye unga wangu." Basi asubuhi ile nilikuwa na 6,400 mkononi, gunia la unga la mama limefika chini, na sina la kufanya. Nisingeweza kumpa kimyakimya nikisema ni malipo ya makala. Aliniomba jambo moja tu.

Nilinunua betri ya kompyuta na intaneti ya mwezi mzima. Hiyo betri ndiyo inayoniandikia haya, utaniambia mwenyewe kama ni halali. Ila nikuambie: kupoteza 800 ni rahisi kuliko kushinda 6,400. Ukipoteza, mwezi umefungwa. Ukishinda, kuna sauti inakunong'oneza kwamba sasa unacheza na pesa yao, kwamba bajeti inaweza kuwa 1,500 bila kuumia. Pesa yao! Ilikuwa yao hadi keshia aliponikabidhi. Mwezi wa kumi nilikwenda na 800, nikarudi na sifuri, nikaandika sifuri.

Mpaka hapa unaweza kusema huyu dada amejipanga. Na kama ningekuwa bado namwandikia yule mteja wa Ulaya, makala ingeishia hapa, na orodha ya vidokezo chini yake.

Lakini nina kaka. Ni mtoto wa mama mdogo. Kwingine angeitwa binamu, kwetu ni kaka. Anaendesha boda, steji yake ni hapo njia panda ya Ukunda, na hajawahi kukanyaga ukumbi wa mashine wa hoteli yoyote. Hana haja. Mashine ilimfuata.

Kwanza zilikuja zile tulizoziita mashine za Wachina, zilizomeza sarafu za shilingi 20. Zilikuwa kwenye vibanda, nyuma ya vinyozi, kando ya maduka ya mchele. Watoto wa shule walikuwa wanazijua kuliko jedwali la kuzidisha. Fred Matiang'i alipokuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, serikali ilizisaka, zikakusanywa na kuteketezwa sehemu nyingi za nchi. Tuliona moshi kwenye habari tukadhani mambo yamekwisha. Kumbe mchezo ulikuwa unahamia mfukoni. Leo simu moja ina pochi, ina mkopo, ina kamari, na vyote viko umbali wa kidole gumba. Ule mchezo wa ndege, kandege kanapaa, namba zinapanda, unatakiwa kutoa pesa kabla hakajatoweka, nimewahi kuwaona vijana sita wa boda wameinamia simu moja kama wanaomtazama mgonjwa.

Serikali nayo inakimbizana nao. Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari, BCLB, ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Agosti mwaka huohuo Rais akatia saini sheria mpya ya kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Fikiria, sheria ya 1966 ilikuwa inalinda mtu mwenye simu ya 2025.

Siku moja nilimwonyesha kaka daftari langu. Nilidhani namsaidia. Akalipitia ukurasa kwa ukurasa, akacheka.

"Mia nane kwa usiku mmoja? Dada, wewe ndiye mcheza kamari. Mimi nacheza mbao tu."

Tukapiga hesabu pamoja. Mbao moja asubuhi kabla abiria hajaja. Mbao nyingine mchana. Jioni nyingine kadhaa. Kwa siku ya kawaida, mara kumi. Hizo ni 200, na kwa mwezi ni 6,000. Aliniomba kikokotoo akarudia mwenyewe. Kisha akakirudisha bila kusema kitu.

Nikaanza kumweleza kanuni: tenga kiasi, toa taslimu, acha simu. Nikasikia maneno yangu yakianguka moja moja. Aache simu wapi? Simu ndiyo inayomletea abiria, ndiyo inayopokea malipo. Atenge kiasi gani? Pikipiki si yake, mwenyewe anadai 400 kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Siku njema, baada ya mafuta, anashika 1,000. Masika anashika 700, pengine 500. Toa 400, toa unga, toa maziwa ya mtoto. Ile sentensi ambayo kila makala ya kamari duniani inayo, "cheza kiasi unachoweza kupoteza", kwake ina jibu, na jibu ni sifuri.

Nikamwambia hivyo. Akanitazama.

"Yaani wewe ucheze kwa raha, mimi nikatazwe kwa upendo."

Sijawahi kupata jibu zuri kwa hilo. Najua tu kwamba yeye na mimi hatuchezi mchezo mmoja, hata tukibonyeza kitufe kimoja. Mimi nanunua saa mbili za kimya. Yeye ananunua siku tofauti na hii aliyopewa. Saa kumi jioni akiwa na 250 na mwenye pikipiki anataka 400, mbao ni njia fupi kuliko zote kufika huko, na ndiyo iliyo mkononi. Huwezi kumwambia mtu ajizuie kufurahia kitu ambacho hakifurahii. Hajawahi kuniambia ndege ni tamu. Huniambia, "Leo iliniokoa," au, "Leo imenimaliza."

Alichokubali ni kitu kingine. Kila jioni angenitumia shilingi mia moja nimwekee, hadi zifike za kulipia bima ya pikipiki, na nisimpe kabla ya hapo hata akilia. Hayo yalikuwa maneno yake. Tukaanza Machi. Kufikia Mei nilikuwa nimemshikia 3,700, maana kuna siku hazikuja.

Usiku mmoja wa Mei, saa tano, akapiga.

"Dada, nitumie mia tano kwa zile zangu. Mtoto ana homa."

Mvua ilikuwa inapiga bati hata sauti yake nilikuwa naidaka kwa shida. Nikanyamaza kidogo. Nikamwambia, "Njoo unichukue. Twende pamoja."

Naye akanyamaza. Kisha akasema, "Haya," na baada ya dakika kumi alikuwa mlangoni, koti la mvua limepasuka begani.

Tulikwenda duka la dawa, yule mhudumu akatuambia mtoto aletwe apimwe malaria kwanza, tukarudi kumchukua na mama yake, wanne kwenye pikipiki moja, Mungu atusamehe. Mtoto alikuwa moto kama karai. Kipimo na dawa vilikuwa 450. Nililipa kwa simu yangu, kutoka zile 3,700, nikamwonyesha meseji.

Akinirudisha kwangu, tukiwa tumesimama chini ya mwembe kungoja mvua ipungue, akasema bila kugeuka:

"Ulidhani ni ndege."

Sikumjibu.

"Hata mimi, ningekuwa wewe, ningedhani hivyo."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo nililolala nalo. Katika hesabu zote nilizowahi kuandika kwa senti mbili neno, kiwango cha marejesho, kasi ya mizunguko, bei ya saa, hakuna safu ya kitu hiki. Mtu ana mtoto mgonjwa kweli, anaomba pesa yake mwenyewe, na kwanza inabidi aletewe shahidi. Ndege haikuchukua tu ile mbao. Ilichukua na neno lake la saa tano usiku.

Mtoto alipona. Bima ililipwa Juni. Siku hizi zile mia anaziweka kwenye chama cha steji yao, ambapo mweka hazina ni mzee asiyecheka na mtu. Je, ameacha? Hapana. Amepunguza, anasema, na mimi siendi kuchungulia simu yake.

Nilijaribu kuyatia haya kwenye makala. Yule mteja aliniagiza maneno 1,500 ya jinsi ya kufurahia mashine kwa bajeti ndogo. Niliandika kila kitu walichotaka: tenga kiasi, cheza dau dogo, pumzika. Katikati nikaweka sentensi moja: *Kwa wasomaji wengi wa ukurasa huu, bajeti sahihi ni sifuri.* Makala ilirudi ikiwa imekatwa sentensi hiyo. Pembeni mhariri alikuwa ameandika kwamba inakatisha tamaa. Nililipwa dola 30 kamili. Ilikuwa kazi ya mwisho niliyowafanyia.

Hapa hakuna wa kuikata, basi isome tena. Na kama unajiuliza uko upande gani, usianze na kiasi. 800 yangu ni kubwa kuliko mbao. Angalia pesa hiyo ilikuwa inakwenda wapi kabla haijageuzwa njia. Kama ilikuwa na ahadi kwa mtu, kwa mwenye nyumba, kwa duka la maziwa, basi huchezi na pesa yako. Kisha fanya jambo moja gumu zaidi: mtajie kiasi chenyewe, chote, mtu anayekula nawe sufuria moja. Usipunguze, na usiseme "kidogo tu". Ukiona ulimi unakuwa mzito, umeshapata bajeti yako.

Shemeji, mke wa kaka, mpaka leo hajaambiwa kuhusu 6,000.

Mama anaijua 800 yangu. Haipendi, na kila mwezi ananikumbusha kwamba haipendi, akikanda unga, bila kuinua macho. Lakini nikimpigia saa tano usiku kumwambia naumwa, hataniuliza kwanza nilikuwa wapi. Atatafuta viatu.